MAJI NA CHUMVI KATIKA MMEA
Somo kwa wakulima wa Tabora: kupima njia ya maji kwa kiazi kitamu



Kila mwaka mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hupanda tumbaku na mahindi, kisha hutia mbolea. Mara nyingi baada ya hapo mvua hukatika, na jua kali huwaka siku kumi au zaidi. Ndipo baadhi ya miche huanza kulegea. Kingo za majani hugeuka rangi ya kahawia, na mche mmoja hufa hali jirani yake umesimama. Mwenye shamba husema, "Mbolea imechoma." Wengine husema mbolea ilikuwa mbovu, wengine hulaumu mbegu, na wako wanaomtafuta mchawi. Lakini mbolea ile mara nyingi imechukuliwa kwa mkopo katika chama cha msingi, na deni halifi pamoja na mche.

Mbolea haina moto. Mche ule umekufa kwa kiu, nao ulikuwa umesimama penye maji. Somo hili laeleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Tena laonyesha jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kulipima nyumbani kwa kiazi kitamu, chumvi, maji na mizani. Mkulima aliyeona kwa macho yake na kuandika hesabu zake mwenyewe hana haja ya kuambiwa mara mbili mahali pa kutia mbolea.

1. MMEA UMEJENGWA KWA VYUMBA VIDOGO

Mizizi, shina, jani na kiazi, vyote vimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Vyumba hivyo huitwa seli. Ndani ya kila seli mna maji yaliyochanganyika na sukari na chumvi za namna nyingi. Maji hayo yamefungwa ndani ya utando mwembamba sana, na nje ya utando huo pana ukuta mgumu zaidi.

Tazama gurudumu la baiskeli. Ndani mna tyubu, na nje pana tairi. Tyubu huzuia upepo usitoke, na tairi huizuia tyubu isipasuke. Katika seli ya mmea, utando ni kama tyubu na ukuta ni kama tairi. Seli ikijaa maji, husukuma ukuta wake na kuwa ngumu kama gurudumu lililojazwa vizuri. Hivyo ndivyo jani la mboga lisilo na mti ndani yake linavyoweza kusimama. Maji yakipungua, seli hulegea kama gurudumu lililopungua upepo, na jani huinama. Huko ndiko kunyauka.

2. NJIA YA MAJI

Utando wa seli una tabia moja ambayo yapasa uikumbuke. Huyaacha maji yapite upesi, lakini huzuia sehemu kubwa ya sukari na chumvi. Kwa sababu hiyo maji hufuata kanuni hii: hutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka, huenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Mwendo huu huitwa osmosisi.

Jambo hili si geni nyumbani. Mama akikata embe bichi na kulinyunyizia chumvi kwa ajili ya achari, baada ya muda mfupi bakuli huwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Maji hayo yametoka katika seli za embe. Samaki akipakwa chumvi hutoa maji vilevile, na vijidudu vya kuozesha hukosa maji ya kuishi.

Mzizi nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Kwa kawaida maji ya udongo huwa na chumvi chache kuliko maji yaliyomo katika seli za mzizi, kwa hiyo maji huingia. Majani nayo, yanapotoa mvuke juani, huyavuta maji hayo kwenda juu. Lakini maji ya udongo yakiwa na chumvi nyingi kupita kiasi, mzizi hushindwa kuyapata. Yakizidi sana, hata maji yaliyokwisha kuingia hutoka tena.

3. WALIOPIMA KABLA YETU

Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza chombo kwa kileo kikali, akakifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, akakitia ndani ya maji. Maji yaliingia, na kibofu kikavimba. Mwaka 1877 Mjerumani Wilhelm Pfeffer alipima nguvu ya mwendo huo. Alitumia chungu kidogo cha udongo. Kama ujuavyo, mtungi usiopakwa kitu hutoa jasho, maana udongo wake una vitundu vidogo. Pfeffer aliziba vitundu hivyo kwa utando wa dawa uliopitisha maji na kuzuia sukari. Kisha alitia maji ya sukari ndani, akakizamisha chungu katika maji matupu, na akaunganisha kipimo cha zebaki. Aliona kwamba sukari ikiongezwa maradufu, nguvu ya kuvuta maji nayo huongezeka karibu maradufu.

Nguvu hiyo si ndogo. Gramu 10 za chumvi ya kawaida katika lita moja ya maji zaweza kuvuta maji kupitia utando kamili kwa nguvu ya bar 8 hivi. Nguvu hiyo yapita upepo uliomo katika tairi la baiskeli, nayo yatosha kuinua maji katika bomba lililosimama wima mpaka urefu wa mita 80 hivi.

Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza jinsi maji yanavyopita upesi hivyo katika utando. Mwaka 1992 Mmarekani Peter Agre na wenzake walithibitisha kwamba katika utando wa seli za damu mna milango midogo ya protini inayopitisha maji. Mimea nayo ina milango ya namna hiyo. Agre alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

4. VITU VINAVYOTAKIWA

Kipimo chetu chahitaji vitu viwili vilivyojulikana tangu zamani katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Cha kwanza ni kiazi kitamu, chakula kikubwa cha Unyamwezi. Cha pili ni chumvi. Magharibi ya Tabora, katika njia hiyo ya kwenda Ujiji, pana chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Watu waliyachemsha maji yake katika vyungu na kupata chumvi kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000, na wafanyabiashara waliichukua chumvi hiyo mpaka Unyamwezi na kwingineko. Chumvi yo yote ya dukani yafaa kwa kazi hii, mradi iwe kavu na safi.

Tayarisha vitu hivi:

(a) Viazi vitamu vitatu au vinne vikubwa, vya shina moja, vilivyochimbwa karibuni.
(b) Chumvi gramu 80.
(c) Maji safi lita 6.
(d) Makopo sita yaliyo sawa, kila moja la kutosha lita moja na zaidi.
(e) Mizani ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja.
(f) Kisu kikali, kitambaa safi kikavu, saa, daftari na kalamu.

5. JINSI YA KUFANYA

Kwanza, tia lita moja ya maji katika kila kopo. Kopo la 1 usilitie chumvi. Kopo la 2 litie gramu 5, la 3 gramu 10, la 4 gramu 15, la 5 gramu 20, na la 6 gramu 30. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote. Andika namba juu ya kila kopo.

Pili, menya viazi. Vikate vipande vya urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1, kama vidole vya mtoto. Usiache ganda, maana ganda huzuia maji. Changanya vipande vyote pamoja, ili kiazi kimoja kisiangukie kopo moja tu.

Tatu, pima mafungu sita, kila fungu gramu 100 kamili. Fanya upesi, ili vipande visikauke. Tumbukiza mafungu yote kwa wakati mmoja, kila fungu katika kopo lake. Weka makopo kivulini.

Nne, ngoja muda wa saa mbili. Usiache mpaka kesho, maana chumvi nayo huanza kupenya polepole, na vipande huanza kuharibika, na hapo kipimo hudanganya.

Tano, toa fungu la kwanza, lipanguse kwa kitambaa pasipo kulikamua, ulipime, uandike. Fanya hivyo hivyo kwa mafungu yote. Namna ya kupangusa iwe moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya kupima, shika kipande kimoja cha kila kopo ukijaribu kukipinda. Kipande cha maji matupu huwa kigumu na huvunjika kwa mlio. Kipande cha kopo la 6 huwa laini na hupindika. Hata mtu asiye na mizani aweza kujifunza kwa jaribio hili.

6. KUSOMA HESABU

Hesabu zilizo hapa chini ni za mfano tu, ili ujue jinsi ya kuzisoma. Zako zitatofautiana kwa aina ya kiazi na siku kilipochimbwa.

Kopo la 1, maji matupu: gramu 100 zimekuwa 109.
Kopo la 2, chumvi gramu 5: zimekuwa 105.
Kopo la 3, chumvi gramu 10: zimekuwa 102.
Kopo la 4, chumvi gramu 15: zimekuwa 99.
Kopo la 5, chumvi gramu 20: zimekuwa 96.
Kopo la 6, chumvi gramu 30: zimekuwa 91.

Katika makopo matatu ya kwanza maji yameingia katika kiazi. Katika matatu ya mwisho yametoka. Basi kati ya gramu 10 na gramu 15 pana mahali ambapo uzito haubadiliki. Kutoka kopo la 3 mpaka la 4 chumvi imeongezeka gramu 5, na uzito umepungua gramu 3. Ili kuondoa zile gramu 2 zilizozidi 100, yatakiwa theluthi mbili za gramu 5 za chumvi, yaani gramu 3 na kitu. Zijumlishe na 10, utapata 13 hivi.

Namba hiyo ndiyo shabaha ya kazi yote. Yasema kwamba maji ya ndani ya kiazi yavuta maji kwa nguvu iliyo sawa na ya gramu 13 za chumvi katika lita. Nje pakiwa na chumvi pungufu ya hapo, kiazi hunywa. Nje pakizidi, kiazi hunywewa.

Ukipenda kujua na kasi ya maji, tengeneza fungu la saba katika maji matupu, ulipime baada ya dakika 15, 30, 60 na 120. Tuseme umepata 104, 106, 108 na 109. Katika robo saa ya kwanza zimeingia gramu 4, lakini katika saa nzima ya mwisho imeingia gramu 1 tu. Maji huenda mbio mwanzoni. Baadaye seli hujaa, ukuta wake husukuma nyuma, na mwendo hupungua. Kutoka nako ni vivyo hivyo: hasara kubwa hufanyika mapema. Ndiyo maana mche uliochomwa na mbolea waweza kulegea siku ile ile.

7. KIAZI KILICHOKUFA HAKIPIMI

Chukua vipande vichache, uvichemshe mpaka viive, uviache vipoe, kisha uvitie katika maji matupu. Havitakuwa vigumu tena. Moto umeharibu utando wa seli, na sukari na maji hupita bila kizuizi. Hii yaonyesha kwamba kazi ile yafanywa na utando ulio hai.

Akina mama wa Unyamwezi wanaijua tofauti ya kiazi kibichi na kilichochemshwa, kwa kuwa michembe hukatwa ikiwa mbichi na kuanikwa, bali matobolwa huchemshwa kwanza. Shambani tofauti hii ni kubwa zaidi. Mzizi uliolegea kidogo waweza kupona ukipata maji, maana utando wake ungali hai. Mzizi ambao utando wake umekwisha kufa hauponi hata ukimwagiwa pipa zima. Kwa hiyo saa za kwanza ndizo za kuokoa.

8. KUTOKA KOPO MPAKA SHAMBA

Sasa tupige hesabu ya shamba. Sehemu nyingi za Tabora zina udongo wa kichanga, nao haushiki maji mengi. Tuseme kilo moja ya udongo huo, ukiwa umelowa vizuri, ina mililita 100 za maji. Mkulima ameweka mbolea karibu na mzizi, na gramu 3 zake zimeyeyuka katika kilo hiyo moja. Gramu 3 katika mililita 100 ni sawa na gramu 30 katika lita moja.

Angalia daftari lako. Hilo ni kopo la 6.

Kisha mvua imekatika. Jua na mizizi vimepunguza maji mpaka mililita 50. Mbolea haikupungua, kwa hiyo sasa ni kama gramu 60 katika lita. Hakuna aliyeongeza hata punje moja, lakini nguvu imekuwa maradufu. Hii ndiyo sababu mbolea iliyotiwa vizuri wiki ya mvua huonekana "kuchoma" wiki ya jua.

Ni kweli kwamba mbolea si chumvi ya mezani. Punje nyingine huyeyuka polepole, na gramu kwa gramu nguvu za mbolea mbalimbali hazilingani. UREA nayo hugeuka kuwa amonia katika udongo, na amonia nyingi huumiza mizizi kwa njia nyingine. Lakini kanuni ya maji ni ile ile kwa NPK, kwa CAN na kwa UREA. Ni ile ile pia kwa samadi mbichi ya kuku.

9. MAMBO YA KUFANYA

(a) Weka mbolea mbali na shina kwa upana wa kiganja, yaani sentimita 10 hivi. Mizizi itaifuata yenyewe kadiri mbolea inavyopoa katika udongo.
(b) Usitie mbolea ya kupandia na mbegu katika shimo moja pasipo udongo kati yake. Tia mbolea, ifukie kwa udongo, ndipo uweke mbegu.
(c) Tia mbolea udongo ukiwa na unyevu. Ukiwa umekauka, ngoja mvua.
(d) Fuata kipimo ulichopewa na Bwana Shamba au Bibi Shamba wako. Tumia kizibo au kijiko kimoja kwa shamba zima. Konzi ya mkono si kipimo, maana mikono haifanani.
(e) Kiasi kikubwa kigawe mara mbili. Nusu mbili zilizopishana wiki kadhaa hazina hatari ya fungu moja.
(f) Zoesha miche ya tumbaku ukame kidogo katika kitalu kabla ya kuihamisha, kwa kupunguza maji polepole. Ihamishe jioni au siku ya mawingu, maana mizizi iliyokatika haiwezi kushindana na jua pamoja na mbolea.
(g) Samadi iozeshe kwanza. Samadi ya kuku hasa haifai kutiwa mbichi karibu na mche.
(h) Tunza mboji na masalia ya mazao shambani. Udongo wenye mboji hushika maji mengi zaidi, na maji yakiwa mengi mbolea ile ile huwa hafifu.

10. KUITAMBUA KIU YA MBOLEA

Kabla ya kulaumu mtu, chimba na utazame.

Kama udongo una unyevu lakini mche umelegea, kingo za majani zimekauka, na punje za mbolea zimegusa mizizi ya rangi ya kahawia, hiyo ni mbolea iliyokaribia mno. Ondoa punje hizo upesi, umwagie mche maji mengi yaishushe chumvi chini, na usiongeze mbolea.

Kama shamba zima limelegea na udongo ni mkavu, huo ni ukame. Kama shina limetafunwa usawa wa ardhi, tafuta mchwa au sota. Kama mizizi ni mizima lakini mche hulegea mmoja mmoja kila siku, hata mbali na mbolea, huenda ni ugonjwa. Ung'oe mche mmoja pamoja na udongo wake, umwonyeshe afisa kilimo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vipande vya kiazi hupanguswa kabla ya kupimwa?
2. Kwa nini fungu moja huwekwa katika maji matupu?
3. Kilo 2 za udongo zina mililita 200 za maji, na ndani yake zimeyeyuka gramu 4 za mbolea. Ni gramu ngapi kwa lita? Maji yakipungua mpaka mililita 80, zitakuwa ngapi?

Jibu la swali la 3: kwanza ni gramu 20 kwa lita, kisha ni gramu 50 kwa lita.

Fanya kipimo hiki pamoja na watoto wa shule na jirani zako kabla ya mvua za Novemba. Andika hesabu zako na uziweke. Siku utakaposimama shambani na kizibo cha mbolea mkononi, mche mbele yako na jua kichwani, daftari hilo litakuonyesha mahali pa kuimwaga.